Umeshatia sahihi ramani, kisha kosa likaonekana: namna ya kumalizana na kontrakta

Somo la chama mwezi huu limetokana na maneno mawili ambayo wengi wenu mmeshaambiwa saiti: "Si ulisaini?" Kontrakta akishasema hivyo, mwenye nyumba huishiwa na pumzi. Mimi yalininyamazisha siku tatu nzima, na ndani ya siku hizo tatu ukuta ulipanda kozi nne.

Ilikuwa Utange, hapa Mombasa. Slabu ya chini ilikuwa na wiki moja tangu imwagwe. Mamangu alikuja kutazama baada ya alasiri, jua linateremkia upande wa bara. Akafika palipotokeza bomba la inchi 4 la choo, akamuuliza fundi mtu atakaa vipi. Fundi akamwonyesha. Mama akasimama hivyohivyo kama aliyekaa, akanyoosha mkono wa kushoto. "Fundi, jua likizama huku kushoto kwangu, mbele yangu ni wapi?"

Fundi akaangalia chini. Sisi wa Mombasa kibla chetu ni kaskazini, karibu sawasawa, kwa kuwa Makka iko juu yetu kwenye ramani ya dunia kama iliyopigiwa mstari. Choo cha nyumba yangu kilikuwa kinamkalisha mtu uso kwa kibla, upande ule ule tunaoswalia, na kwetu Waislamu hilo halifai.

Nilipofungua ramani usiku ule nikaona chanzo. Mwanzo nyumba ilichorwa imeelekea upande mwingine, kisha tukaomba izungushwe ili baraza itazame barabara. Mchoraji akaizungusha kwenye karatasi ya kwanza, ile ya kiwanja, mshale wa kaskazini ukakaa sawa. Kwenye karatasi ya pili, ya vyumba, mshale akausahau palepale pa zamani. Karatasi zote mbili zina sahihi yangu.

Haya, hatua zenyewe.

Hatua ya 1: Simamisha palipo na kosa, si saiti nzima. Ukifunga saiti yote, kontrakta atakudai siku za vibarua waliokaa bure, na huenda akawa na haki. Mwambie: choo hiki kisiguswe, kuta nyingine ziendelee. Kisha piga picha, tepu ya kupimia ikiwa imelazwa ndani ya picha namba zikisomeka. Picha ya ukuta mtupu haimwambii mtu kitu.

Hatua ya 2: Kusanya ramani zote, uzilaze sakafuni pamoja. Kuna uliyotia sahihi, kuna yenye muhuri wa kaunti, na kuna ile iliyokunjwa mfuko wa nyuma wa suruali ya fundi. Msidhani ni moja. Angalieni kisanduku cha chini kulia: namba ya karatasi, tarehe, na toleo. Nimeona saiti ambapo mwenye nyumba ana toleo C na fundi anajenga toleo A tangu msingi.

Tena kuna ugonjwa wa fotokopi. Ramani ya karatasi ya A3 yenye kipimo cha 1:100 ikitumwa kwa simu na kuprintiwa kwenye A4, inasinyaa. Chumba cha mita 3.6, ambacho kwenye A3 ni milimita 36, kwenye A4 kinakuwa milimita 25 na kidogo. Fundi akiweka rula, anasoma mita 2.5. Ndiyo maana wasanifu huandika kwamba mchoro usipimwe kwa rula, zifuatwe namba zilizoandikwa. Fundi aliyepima kwa rula huku namba iko mbele ya macho yake hana pa kujificha nyuma ya sahihi yako.

Hatua ya 3: Jua kosa ni la aina gani kabla hujainua sauti. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Wanamgombeza kontrakta kwa kosa la msanifu, au wanamgombeza msanifu kwa kosa lao wenyewe.

Kosa la kwanza ni lile ambalo jicho lolote lingeliona. Ulitaka vyumba vitatu, ramani ina viwili. Jiko limechorwa upande wa kusini, na upepo wa kusi ukianza Aprili harufu ya samaki inapita nyumba nzima na kulala nawe kitandani. Hili, ndugu yangu, umelisaini. Kulibadilisha ni kazi ya ziada na utalipa.

La pili ni la kitaalamu: bimu haitoshi, ngazi haifiki, nguzo imeangukia katikati ya mlango. Sahihi yako ni ya mteja. Inasema umeipenda nyumba, haisemi umehesabu chuma. Aliyelipwa ahesabu ndiye ajibu, awe msanifu au injinia.

La tatu ni ramani kujipinga yenyewe, kama mshale wangu wa kaskazini, au karatasi ya injinia kuonyesha nguzo ambayo ya msanifu haina. Mzizi ni wa waliochora, lakini kontrakta naye ana sehemu yake. Kontrakta anayejua kazi akiona karatasi mbili hazipatani huuliza kwa maandishi kabla ya kumwaga zege; mikataba mingi ya ujenzi humtaka afanye hivyo. Akichagua mwenyewe na kukaa kimya, amejitia ndani.

La nne ni rahisi: ramani iko sawa, amejenga vingine. Hapo sahihi yako ndiyo silaha yako. Mwonyeshe.

Angalizo moja: kama ulimpa mtu mmoja achore na ajenge, basi la pili na la tatu yote ni yake. Hapana kurushiana mpira.

Hatua ya 4: Andika. Maneno ya mdomo yanapeperuka na vumbi la simiti. Sauti za WhatsApp za dakika nne nne nazo hazisaidii. Nani atazisikiliza mahakamani? Barua yangu ilikuwa hivi, na ilitosha:

"Choo cha chini, karatasi namba 2, toleo B. Mshale wa kaskazini haupatani na ule wa karatasi namba 1. Bomba limewekwa kwa kufuata namba 2. Naomba kazi ya choo hiki isimame mpaka msanifu atoe jibu kwa maandishi. Kazi nyingine iendelee. Naomba jibu kabla ya Alhamisi saa kumi jioni."

Hamna tusi, hamna "umeniharibia nyumba". Nilimpa kontrakta nakala, nikampa msanifu nakala, kila mmoja akatia sahihi kwamba amepokea.

Hatua ya 5: Kikao saiti, wote watatu mmesimama juu ya kosa. Si ofisini, si kwenye simu. Mkiwa ofisini kila mtu ana kiti na kiburi chake. Juu ya slabu kuna bomba linalomtazama kila mtu. Mambo matatu yaandikwe palepale: nini kitabadilishwa, nani atalipa, lini kitakwisha. Bei ipatikane kabla nyundo haijainuliwa. Na slabu isikatwe kienyeji. Injinia aseme wapi patapasuliwa, kwa sababu chuma kikikatwa hovyo umetibu choo ukaumiza nyumba.

Kwetu iliishia hivi: msanifu akapunguza shilingi 25,000 kwenye salio la ada yake, kontrakta akatoa vibarua wawili kwa siku mbili bila malipo, mimi nikanunua bomba na simiti. Je, ilinipasa kulipa hata hicho? Labda hapana. Lakini masika yalikuwa mlangoni na nilitaka bati juu.

Hatua ya 6: Zuia pesa za kosa tu. Kama kinachogombaniwa ni cha 60,000, zuia hiyo, zilizobaki lipa kwa wakati na useme kwa maandishi kwa nini umezuia. Ukizuia zote umempa sababu ya kuondoka na ngazi zake. Na wale ambao hamjaanza kujenga, wekeni kwenye mkataba sehemu ya fedha itakayobaki mkononi mwenu mpaka kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe. Mara nyingi ni miezi 6.

Hatua ya 7: Rudi kaunti ikiwa umbo limebadilika. Kugeuza choo ndani ya chumba chake ni jambo dogo, lakini kuhamisha ukuta wa nje, nguzo au ngazi kunataka ramani mpya ipitishwe. Usikubali maneno ya "tutaweka sawa baadaye".

Hatua ya 8: Mkishindwana kabisa. Soma mkataba kwanza. Mkataba ukiwa na kifungu cha usuluhishi, mahakama inaweza kuwarudisha huko. Pasipo kifungu hicho, na dai lako lisizidi shilingi milioni 1, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Unaweza kwenda mwenyewe bila wakili, ukaeleza kwa Kiswahili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Zaidi ya milioni 1 ni kwa hakimu wa kawaida, na hapo tafuta wakili.

Msanifu hushtakiwa kwa bodi inayowasajili wasanifu majengo, BORAQS. Injinia ana bodi yake. Kontrakta ana NCA, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, yenye sheria ya 2011. Jueni tu kwamba kule wanashughulikia leseni ya mtu. Pesa yako ya bomba hutaikuta huko.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Likoni, aliyeko Saudia:* Kaka, mimi niko kazini huku, ndugu yangu ndiye msimamizi. Ametia sahihi ramani iliyobadilishwa, sebule imepungua futi 4 ili liongezwe duka. Sikuambiwa. Kontrakta anasema hana kosa.

Dada yangu, kontrakta huenda anasema kweli. Kama ulimtambulisha ndugu yako kuwa ndiye wa kusema kwa niaba yako, alichokubali kimekubaliwa nawe. Leo hii mwandikie kontrakta kwamba kuanzia sasa hakuna badiliko bila ujumbe wako mwenyewe. Kama ukuta wa duka haujafika kwenye lenta (bimu ya juu ya milango na madirisha), uliza bei ya kuurudisha. Ya ndugu yako na duka lake, hayo ni ya kikao cha familia, na chama hakiingii.

*Mwanachama wa Mikindani:* Ramani ilichorwa na kijana wa mtaani, lakini muhuri ni wa msanifu ambaye sijawahi kumwona. Nguzo hazilingani. Nimkamate nani?

Kijana ulimlipa, kwa hiyo naye yumo. Lakini aliyepiga muhuri amesema kazi ni yake. Sheria ya Kenya, Sura ya 525, haimruhusu asiyesajiliwa kujiita msanifu majengo. Chukua namba ya usajili iliyo kwenye muhuri, itafute kwenye orodha ya BORAQS. Ikiwa yupo, mpelekee barua yeye. Ikiwa hayupo, au akisema muhuri wake umeibiwa, simamisha kazi yote mpaka injinia akague nguzo. Hapa ndipo pekee ninapokwambia ufunge saiti nzima.

*Mwanachama wa Majengo:* Yangu ni nyumba bila ardhi, kodi ya kiwanja nalipa kwa mwenyewe kila mwezi. Hakuna ramani ya kaunti. Tulichora kwenye daftari na fundi, tukatia sahihi wote wawili. Sasa kakosea vyumba viwili. Nina haki gani?

Mkataba wa kazi ni mkataba, hata wa daftari, hata wa mdomo. Usilipoteze hilo daftari. Weka pamoja na jumbe za M-Pesa ulizomlipia, maana ndizo zinazoonyesha alilipwa kwa kazi gani na lini. Ila kujenga bila idhini ni mzigo wako wewe, na ukimpeleka fundi mbele atauliza hilo mapema. Kwa nyumba kama yako ningeanza na mzee wa mtaa na fundi mwingine mnayemheshimu wote wawili, apime daftari na ukuta. Mahakama iwe ya mwisho.

*Mwanachama wa Changamwe:* Nyumba ilikwisha miaka 4 iliyopita. Sasa ndiyo naona bimu imepasuka, na kumbe ramani yenyewe ilikosea. Nimechelewa?

Madai ya mkataba yana miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa, ya uzembe ni miaka 3. Kwa hiyo bado una mlango mmoja, wa mkataba, lakini ule wa uzembe unahitaji wakili auangalie. Kabla ya yote mlete injinia: bimu iliyopasuka haingojei tarehe ya kesi.

*Mwanachama wa Bamburi:* Ngazi yangu kwenye ramani inayoonyesha nyumba kutoka juu ina vipandio 15, kwenye mchoro wa mkato (nyumba ikionyeshwa kama iliyokatwa wima) ina 17. Kimo ni mita 3. Fundi kaweka mbao za 15. Zege ni Jumatatu. Mama mkwe anaishi nasi na magoti yake hayako sawa.

Zege lisimwagwe Jumatatu. Mpigie sasa, kisha umwandikie. Sentimita 300 ukigawa kwa 15, kila kipandio ni 20. Ukigawa kwa 17 ni pungufu ya 18. Kwa magoti ya mama mkwe tofauti hiyo ni kubwa. Tatizo ni nafasi: vipandio 15 vina makanyagio 14, na 17 vina 16. Kwa kanyagio la sentimita 25, unatoka sentimita 350 kwenda 400. Nusu mita hiyo lazima itoke kwenye ukumbi, na pengine ndiyo iliyomfanya mchoraji achore 15. Hili ni kosa la aina ya tatu, msanifu ajibu, na maadamu ni mbao tu hakuna wa kulipa zaidi ya siku moja ya seremala. Njoo Jumamosi na karatasi ya mkato, na ubebe tepu yako. Yangu imekatika kwenye futi ya tatu.