Kipa: namna ya kuziba shuti la karibu

Shuti la kasi ya mita 20 kwa sekunde likipigwa mita 6 kutoka ulipo, linakufikia kwa sekunde 0.3. Macho na mwili kuitikia tu kunakula kama 0.2. Hapo usisubiri kudaka. Unaziba.

Punguza goli kwanza. Goli lina upana wa mita 7.32. Mshambuliaji akiwa katikati, mita 8 kutoka mstarini, ukisimama mita 1 mbele ya mstari una mita 6.4 za kulinda. Ukisogea hadi mita 5, zinabaki 2.75 tu. Ila sogea wakati mpira umemtoka mguuni, kwa hatua fupi za haraka. Akiinamisha kichwa na kuvuta mguu, ganda hapo hapo, hata kama hujafika ulipotaka. Kipa anayefungwa kizembe ni yule anayekutwa na shuti bado anakimbia: uzito wote uko mguu mmoja, upande wa pili haendi tena.

Kisha shuka. Mguu mmoja ukanyage, goti likiwa limekunjwa na kutazama nje kidogo. Goti la pili lishuke hadi karibu na kisigino cha mguu uliokanyaga. Pengo lisifike sentimita 22, maana huo ndio unene wa mpira namba 5. Likizidi, umepigwa tobo: mpira umepita kati ya miguu. Mikono iwe wazi pembeni, viganja vikitazama mpira, kifua mbele. Ukiegemea nyuma, mpira unapita juu ya bega.

Makipa wa hoki ya barafu hushusha magoti yote mawili, na wana haki: goli lao ni mita 1.83 kwa 1.22. Kwetu ukifanya hivyo, shuti la pili litakukuta chini.

Kugeuza uso ni kosa la woga, na dawa yake ni mazoezi. Maji yakipwa ufukweni Raskazone, Tanga, mchanga mbichi unafaa kuliko udongo mkavu wa viwanja vya mtaani unaochuna magoti. Weka ndala mbili, mita 3 kati yake. Mwenzako asimame mita 5, arushe mipira 8 kwa mkono, chini na kifuani bila mpangilio. Pumzika dakika moja, rudia mara 4. Apige kwa mguu pale tu utakapoacha kufumba macho.