Jinsi ya kutunza peptaidi za maabara zisiharibike mikononi mwako

Wadau wa maabara, hasa nyie mnaoanza masta na mmeletewa kichupa chenye unga mweupe kidogo ambao hata hauonekani vizuri, naombeni msome hii kabla hamjafungua kitu. Peptaidi (minyororo mifupi ya asidi amino, kama vipande vidogo vya protini) nyingi haziharibikii njiani, zinaharibikia kwetu siku ya kufungua, na adui wa kwanza ni unyevu.

Ule unga umekaushwa kwa baridi, ndo maana unavumilia siku kadhaa za safari bila barafu. Ukifika uweke kwenye friza ya -20°C, au -80°C kama utakaa muda mrefu, kichupa kikiwa kimefungwa vizuri ndani ya kopo lenye silika jeli, mbali na mwanga. Friza iwe ile inayoshika barafu, sio hizi zinazojiyeyusha zenyewe, maana zile zinapandisha joto kila mara ili zitoe barafu na peptaidi yako inapanda na kushuka nazo.

Siku ya kutumia kitoe ila usikifungue. Kiache ndani ya lile kopo la silika mpaka kifike joto la chumba, lisaa limoja hivi, na hapa tafadhali msiwe na haraka, kwa sababu ukifungua cha baridi unyevu wa hewa ya Dar au Mombasa unageuka maji ndani ya kichupa hapohapo, kama soda iliyotoka kwenye friji inavyotoka jasho, na unga unayanywa yote. Zenye asidi amino kama aspatiki, glutamiki, laisini, ajinini au histidini nyingi ndo zinanyonya zaidi. Halafu izungushe sekunde chache kwenye sentrifuji unga ushuke, mara nyingi umenasa kwenye kifuniko.

Sasa hesabu, na hapa ndo matokeo ya watu wengi yanapotea. Cheti kikisema usafi 98% usidhani miligramu 2 zote ni peptaidi. Hiyo 98% inahusu peptaidi peke yake, haihesabu maji na chumvi zilizomo kwenye unga, mara nyingi chumvi ya TFA (asidi ya trifluoroasetiki inayobaki kutoka kwenye utengenezaji), kwa hiyo peptaidi yenyewe inaweza kuwa 60 mpaka 90% tu ya uzito. Tuseme una miligramu 2 na kiasi halisi ni 75%, hapo una 1.5, na kama uzito wa molekuli ni 1500 basi hiyo ni mikromoli 1, weka mililita 1 ya kiyeyushi upate ukolezi wa milimola 1 kwa lita. Ukipiga hesabu kwa miligramu 2 utaandika 1.33 na kila dozi utakayotoa hapo itakuwa ya uongo. Hiyo TFA pia inaweza kusumbua seli, so kama kazi yako ni ya seli agiza chumvi ya asetati tangu mwanzo.

Kwenye kuyeyusha, hesabu chaji kwanza: laisini, ajinini na ncha ya N (mwanzo wa mnyororo) kila moja +1, aspatiki, glutamiki na ncha ya C (mwisho wake) kila moja -1. Ikiwa chanya anza na maji safi, ikigoma ongeza asidi asetiki kidogo. LL-37, peptaidi ya kinga ya mwili wa binadamu, kwa mfano ina chaji +6 na inaingia kwenye maji vizuri tu. Ikiwa hasi anza na maji pia, ikigoma amonia kidogo sana, ila sio kwa yenye sisteini. Zinazokataa maji kabisa yeyusha kwa DMSO (kiyeyushi cha kikaboni) kidogo kisha dondoshea kwenye bafa taratibu huku unakoroga, na kontroli yako, yaani sampuli ya kulinganisha isiyo na peptaidi, ipate DMSO ileile. Yenye methionini au sisteini DMSO inaweza kuioksidisha, we chukua DMF, kiyeyushi kingine cha kikaboni. Jaribu na unga kidogo kwanza, usimwagie kichupa kizima! Amiloidi beta 42, ile peptaidi ya ugonjwa wa Alzheimer, usiifanyie hivi, ile inajishika yenyewe ikawa nyuzi, inataka protokali yake.

Ikishayeyuka igawe siku hiyohiyo kwenye tyubu ndogondogo za polipropilini zisizonasa protini, kila moja itoshe jaribio moja, ugandishe. Kuyeyusha na kugandisha tena na tena kunaiua, kwa hiyo ikibaki kwenye tyubu itupe tu, roho ikuume lakini itupe. Ukitaka kuondoa vijidudu chuja kwa filta ya mikromita 0.2, usiweke otokleivu.

Na hizi za utafiti hazijapimwa kwa ajili ya mwili wa mtu, hata kama jina linafanana na dawa, kwa hiyo mtu akikuomba kidogo ajidunge mnyime.

Kwenye lebo andika jina, namba ya bachi, ukolezi, kiyeyushi na tarehe, kwa kalamu isiyofutika na baridi, na ndani ya friza weka kipimajoto kinachokumbuka joto la juu kabisa, ili umeme ukikatika usiku asubuhi ujue ilifika ngapi.