Dar mpaka Dubai masaa mangapi kwa ndege? Piga hesabu mwenyewe

Watu wengi wanaofuata mzigo Dubai wanauliza tu "ni masaa mangapi" na kupokea jibu lolote, wakati hesabu yenyewe unaimaliza kwenye simu kabla hujakata tiketi.

Anza na umbali. Fungua Google Maps, bonyeza uwanja wa Julius Nyerere ushikilie mpaka alama nyekundu itokee, chagua kupima umbali, halafu sogeza ramani mpaka uwanja wa Dubai. Itakuja karibu kilomita 4,000, na hapo ni moja kwa moja, ndege yenyewe inazunguka kidogo. Jeti ikishatulia juu inakata kama kilomita 850 kwa saa, kwa hiyo gawanya, unapata masaa 4 na dakika 40 na ushee, ongeza nusu saa ya kutembea kwenye lami, kupaa na kushuka, jumla masaa 5 na robo hivi. Dar–Mwanza ni kama kilomita 850, kwa hesabu hiyohiyo saa 1 na nusu, ila ikiwa ndege ya pangaboi ongeza robo saa.

Sasa tiketi. Muda ulioandikwa ni wa saa za mji wenyewe, kuondoka kwa saa za Dar na kufika kwa saa za Dubai, na Dubai wako mbele yetu saa 1. Tuseme imeandikwa DAR 16:45, DXB 23:15, ukitoa unapata masaa 6 na nusu, punguza 1, umekaa hewani na kwenye lami masaa 5 na nusu. Kurudi unaongeza 1. Angalia na herufi pia, DXB ndio Dubai yenyewe, DWC ni uwanja wake wa pili uko mbali na Deira, mtaa wa maduka, SHJ ni Sharjah.

Hapa naomba usome taratibu maana ndipo watu wanapoachwa na ndege. Tiketi ikisema Jumamosi 00:30, hiyo ni saa 6 na nusu usiku, usiku ule ambao sisi mtaani tunauita Ijumaa usiku. Yaani Ijumaa saa 3 na nusu usiku unatakiwa uwe tayari eapoti, na kama unatoka Bunju au Mbagala toka nyumbani mapema zaidi, foleni ya Ijumaa unaijua. Ukisubiri Jumamosi usiku, ndege ilishaondoka jana yake. Andika saa ya Kiswahili pembeni ya kila muda kwenye tiketi, na siku ya kutoka nyumbani.

Ukipitia Addis Ababa umbali unaongezeka kama kilomita 300 tu, kinachokula muda ni kusubiri ndege ya pili, kwa hiyo kabla ya kufurahia bei angalia umekaa pale masaa 2 au 11. Ethiopia saa zao ni sawa na zetu, kwa hiyo kipande cha Dar–Addis unatoa tu kawaida, ile saa 1 inaingia kwenye kipande cha Addis–Dubai.