Kupunguza prednisoloni kidogo kidogo baada ya kuitumia kwa muda mrefu

Mgonjwa wa baridi yabisi aliyemeza prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe, kwa miezi mingi huwa na sababu za kutosha za kutaka kuachana nayo: uso umejaa na kuwa mviringo, sukari imepanda, ngozi inachubuka kwa kuguswa tu, na usingizi umekuwa wa kubahatisha. Sababu hizo ni za haki, lakini hakuna hata moja inayoruhusu kuiacha dawa kwa siku moja. Yafuatayo ni maelezo ya namna inavyopunguzwa, ili mgonjwa aelewe anachoandikiwa na daktari wake na ajue la kuuliza.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali, ambayo hutengeneza kotisoli, homoni inayouwezesha mwili kushikilia shinikizo la damu na sukari, hasa wakati wa homa, ajali au upasuaji. Kotisoli ya siku nzima ina nguvu inayokaribiana na prednisoloni ya miligramu 4 hadi 6. Mtu akimeza zaidi ya kiasi hicho kila siku kwa zaidi ya wiki 3 au 4, ubongo huona homoni imetosha, huacha kuziagiza tezi zifanye kazi, nazo husinyaa. Dawa ikikatwa ghafla, mwili hubaki bila kotisoli ya kidonge na bila ya kwake wenyewe. Zihesabiwe pia sindano za steroidi zilizochomwa kwenye goti au bega, na krimu kali za ngozi, mkorogo ukiwamo, kwa kuwa nazo huweza kuzilaza tezi. Daktari aambiwe hata kama swali hilo hajaliuliza.

Upunguzaji huanza ugonjwa ukiwa umetulia. Wagonjwa wa kwanza wa baridi yabisi waliopewa kotisoni, steroidi ya jamaa moja na prednisoloni, na daktari Philip Hench katika hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, mwaka 1948 walipata nafuu ya kushangaza ndani ya siku chache, kisha maumivu yakarudi dawa iliposimamishwa. Ndiyo maana siku hizi mgonjwa huanzishiwa pia dawa ya kudhibiti ugonjwa wenyewe, mara nyingi methotreksati, inayomezwa mara moja tu kwa wiki na ambayo huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha nguvu zake. Prednisoloni ni ya kuvukia kipindi hicho. Kuipunguza kabla dawa ya pili haijashika ni kujitafutia maumivu bure.

Mwendo wa kushuka hutegemea mahali mtu alipo. Aliye juu ya miligramu 40 kwa siku huweza kushuka kwa miligramu 5 hadi 10 kila wiki. Kati ya 40 na 20, kwa miligramu 5 kila wiki. Kati ya 20 na 10, kwa miligramu 1 hadi 2.5 kila baada ya wiki 1 hadi 4. Na chini ya 10, miligramu 1 kwa kila hatua, huku wengi wakikaa wiki 4 kabla ya hatua inayofuata. Wagonjwa wengi hushangaa kwamba safari ya kutoka 40 hadi 10 huisha mapema kuliko ile ya kutoka 5 hadi sifuri. Kwa maoni yangu hapo ndipo watu wengi huharibu kazi, kwa sababu kidonge kimoja huonekana kuwa si kitu, ilhali ndicho hasa kinachojaza pengo la kotisoli.

Tatizo la kawaida ni kwamba duka la dawa lina vidonge vya miligramu 5 tu, na vya miligramu 1 havipo. Hapo daktari huweza kuandika kidonge kimoja na nusu, yaani 7.5, kisha kimoja, kisha kimoja leo na nusu kesho, ambayo kwa wastani ni miligramu 3.75 kwa siku. Kidonge kiwekwe juu ya kisosi kikavu, mstari wake ukitazama juu, na kigawanywe kwa wembe mpya kwa mkandamizo mmoja. Wembe butu hukisaga na kuacha unga. Kikatwe cha siku hiyo tu, kwani nusu zilizowekwa kwenye karatasi hunyonya unyevu. Vidonge vilivyofunikwa kwa tabaka la kulinda tumbo havikatwi. Wala usikubali kupewa deksamethasoni badala yake kwa kuambiwa kwamba ni jamaa moja: miligramu 0.75 za deksamethasoni zina nguvu sawa na miligramu 5 za prednisoloni.

Kipimo cha siku humezwa asubuhi pamoja na chakula. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari wiki kadhaa kabla, kwani si kila mtu aliye katikati ya upunguzaji anayeruhusiwa. Anayeruhusiwa kwa kawaida humeza dawa wakati wa daku.

Weka daftari. Kila asubuhi andika tarehe, kiasi ulichomeza, na dakika zilizopita kabla vidole havijaweza kufunga vifungo vya shati. Daftari hilo litasaidia kutenganisha mambo mawili yanayofanana. Viungo vikivimba, vikawa na joto, na ukakamavu wa asubuhi ukirefuka kutoka dakika 10 hadi saa nzima, huenda ugonjwa umerudi. Lakini mwili mzima ukiuma siku chache baada ya kushuka, pamoja na uchovu na huzuni, huku viungo havijavimba, mara nyingi ni mwili unaodai steroidi ulizozoea, na hali hiyo hupungua taratibu. Kwa vyovyote vile, usishuke kwenda hatua inayofuata. Rudi kwa daktari, ambaye mara nyingi atakurudisha kwenye kiasi cha mwisho ulichokuwa ukikimudu.

Kizunguzungu unapoinuka, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kupungua uzito ni dalili kwamba tezi bado zimelala. Ukiugua malaria au homa nyingine wakati huo, mwili huhitaji zaidi. Kwa aliye kwenye miligramu 5, maagizo ya kawaida ni kumeza mara mbili ya kiasi hicho hadi homa iishe, na ni vyema yaandikwe mapema. Ukitapika kiasi kwamba kidonge hakikai tumboni, ukalegea au ukaanza kuchanganyikiwa, usingoje asubuhi: unahitaji hospitali, sindano ya haidrokotisoni (kotisoli iliyotengenezwa kama dawa) miligramu 100 na dripu. Anayeanza dawa za kifua kikuu naye amtaarifu daktari, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huifanya prednisoloni iishe mwilini haraka.

Ukifika miligramu 5 au chini yake, kotisoli ya damu huweza kupimwa kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi, kabla hujameza kidonge cha siku hiyo. Ikizidi nanomoli 300 kwa lita, tezi zimeamka na dawa huweza kusimamishwa. Ikiwa kati ya 150 na 300, huendelea na kipimo kurudiwa baada ya wiki kadhaa. Ikiwa chini ya 150, husubiriwa miezi. Wapo wanaohitaji mwaka mzima au zaidi, na wachache hubaki na kipimo kidogo maisha yote.

Baada ya kidonge cha mwisho, endelea kubeba kwenye pochi karatasi yenye jina la dawa, kiasi ulichokuwa ukitumia na tarehe uliyomaliza, kwa angalau mwaka mmoja. Ukipelekwa upasuaji, hata wa kung'oa jino gumu, mwonyeshe karatasi hiyo daktari wa usingizi au wa meno kabla hajaanza.