Somo: Sikukuu na makumbusho ya sanaa kwa mwanafunzi anayeishi Paris

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi aliyetoka kwetu akaja kusoma Paris kwa viza ya muda mrefu. Mtalii amelipa kiingilio na siku zake zinahesabika, ndiyo maana hujilazimisha kuona makumbusho makubwa ya Louvre yote kwa siku moja na kutoka akiwa hoi. Wewe ni mkaazi, na ukifuata utaratibu utaingia bure mara nyingi upendavyo, kwa hiyo nenda kidogo kidogo.

Hatua ya kwanza ni nyaraka. Tangu Aprili 2009, makumbusho ya taifa nchini Ufaransa hayawatozi kiingilio vijana wa chini ya miaka 26 ambao ni raia au wakaazi wa nchi za Umoja wa Ulaya. Mwanafunzi Mtanzania au Mkenya anaingia katika kundi hilo kwa sababu ya ukaazi wake, mradi authibitishe mlangoni. Viza ya mwanafunzi ambayo hutumika pia kama kibali cha ukaazi ni lazima ithibitishwe kwa njia ya intaneti ndani ya miezi 3 tangu kuwasili, jambo ambalo wengi huliahirisha hadi muda unawaishia. Ukienda makumbusho, beba pasipoti yenye viza hiyo au kadi ya ukaazi, kwa kuwa kitambulisho cha chuo peke yake hakionyeshi ukaazi.

Hatua ya pili ni kuijua kalenda. Louvre hufungwa Jumanne, ilhali Orsay (makumbusho ya sanaa hasa ya karne ya 19) na Quai Branly (makumbusho ya sanaa za Afrika, Asia, Oseania na Amerika) hufungwa Jumatatu. Mwenye vipindi mchana atafute jioni: Louvre huchelewa kufunga Jumatano na Ijumaa, hadi saa 3 usiku, na Orsay huchelewa Alhamisi.

Sikukuu nazo zina majira yake. Jumamosi moja ya Mei makumbusho mengi hufunguliwa usiku bila malipo. Tarehe 21 Juni ni Fête de la Musique, iliyoanza mwaka 1982, ambapo wanamuziki wa kulipwa na wa kujifurahisha hupiga muziki barabarani na hakuna anayedaiwa tiketi. Wikiendi ya tatu ya Septemba ni siku za urithi, zilizoanzishwa mwaka 1984, ambapo hata majengo ya serikali ambayo kwa kawaida hayaingiliki hufungua milango. Kwa maoni yangu, mgeni aanzie hapo, maana Septemba chuo ndiyo kwanza kinafunguliwa na majukumu bado ni machache.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha somo, ni kuchagua kazi moja na kukaa nayo. Katika ukumbi wa Mona Lisa, huko Louvre, watu husongamana mbele ya picha yenye kimo cha sentimita 77 huku wakiupa mgongo mchoro wa Veronese, mchoraji wa Italia, wa Harusi ya Kana, wa mwaka 1563, wenye upana wa karibu mita 10. Wewe geuka. Yesu ameketi katikati ya meza, lakini wageni wengi wameshughulika na mambo yao. Juu yake, roshanini, mtumishi anakata nyama. Chini yake wanamuziki wanapiga ala za muziki, na kwenye meza yao ndogo pana kipima muda cha mchanga. Hiyo nayo ni sherehe, na aliyekwisha kusimama katika umati wa tarehe 21 Juni ataisoma kwa wepesi zaidi. Mchoro huu ulikuwa katika bwalo la watawa huko Venice hadi mwaka 1797, majeshi ya Napoleon yalipouchukua.

Maswali ya wanafunzi

Swali: Mwalimu, nimeshatimiza miaka 27. Nifanyeje?

Jibu: Msamaha huo haukuhusu tena, ila Orsay na Quai Branly hazitozi Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mikusanyo ya kudumu ya makumbusho ya jiji, kama Petit Palais na Carnavalet, haina kiingilio kwa mtu yeyote.

Swali: Kama ni bure, kuna haja ya kuweka nafasi?

Jibu: Kwa Louvre, ndiyo. Chukua tiketi ya bure yenye saa maalumu kwenye tovuti yao. Bila hiyo, siku yenye watu wengi unaweza kurudishwa.

Swali: Sikukuu za usiku zinanivutia, lakini naishi nje ya mji. Nitarudije?

Jibu: Metro (treni ya mjini) ikishafungwa, yapo mabasi ya usiku yaitwayo Noctilien. Tazama njia yako kabla ya kutoka, si saa 8 usiku ukiwa kituoni.

Swali: Naona vigumu kufurahia Quai Branly nikijua jinsi baadhi ya vitu vya Afrika vilivyofika huko. Unashauri niende?

Jibu: Nenda, dada, tena na daftari. Mwaka 2021 Ufaransa iliirudishia Benin vitu 26 vya kifalme vya Abomey, mji mkuu wa ufalme wa zamani wa Dahomey, vilivyotekwa na jeshi lake mwaka 1892, navyo vilikuwa katika makumbusho hayo hayo. Angalia namba za usajili: nyingi zinazoanza na 71 ni za mkusanyo uliotoka Musée de l'Homme (makumbusho mengine ya Paris, ya elimu ya binadamu), na tarakimu 4 zinazofuata kwa kawaida ni mwaka ambao kitu kiliandikishwa. Ukiona 1931, kwa mfano, ulizia msafara wa watafiti wa Kifaransa wa Dakar hadi Djibouti, ulioanza mwaka huo na kukusanya maelfu ya vitu njiani.