Usiniambie fromaje yako ni tamu

Kibao changu cha kwanza kiliandikwa kwa dola kumi na tano: FROMAJE BORA YA MASISI, UBORA KWANZA, KARIBUNI WOTE. Mchoraji akaniongezea ng'ombe, mnene kuliko ng'ombe yeyote niliyewahi kumwona Masisi, kule kwenye milima ya malisho. Kwenye barabara yetu hapa Goma, mashariki ya Kongo, tulikuwa wanne tunaouza jibini (sisi tunaiita fromaje, na nitaendelea kuiita hivyo). Vibao vinne vyote vilisema bora, vyote vilisema Masisi. Mteja aliingia kwa yule aliye karibu na kituo cha wamotari, basi. Siyo kwangu.

Kwa hiyo kama una duka, meza au hata beseni sokoni na unataka watu wajue wewe ni nani, anza na jaribio hili. Funika jina lako kwenye kibao kwa kiganja, halafu sema jina la jirani yako kwa sauti. Maneno yaliyobaki yakimfaa naye, hayakuwa yako. Yafute. "Bora" likaondoka, "bei nafuu" likaondoka. Hata ile hadithi ya mapadri Wabelgiji waliowafundisha wazee wa Masisi kutengeneza fromaje, ambayo kila muuzaji huwasimulia wageni, niliiacha. Ni hadithi nzuri, ila ukiisimulia unamtangazia na jirani. Nilipomaliza kufuta nilibaki na ng'ombe.

Kisha nenda kwa watu wanaonunua tayari, usianze na wale unaowatamani. Niliweka daftari la shule karibu na mizani, na kwa majuma mawili kila aliyelipa nilimwuliza maswali mawili tu: unaipeleka wapi? Na kwa nini hukununua pale ng'ambo? Majibu niliyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Hapo ndipo wengi wetu tunaharibu: mteja anasema "hainuki kwenye boti", wewe unaandika "ubora".

Nilikuwa nimejiaminisha kwamba wananifuata kwa utamu. Siku nne zilipita kabla mtu hajataja utamu. Wengi walikuwa wasafiri, au wanamtumia msafiri. Fromaje ilikuwa inapanda boti kwenda Bukavu, mji ulio upande wa pili wa Ziwa Kivu, kwa mama mkwe, kwa kaka anayesoma, kwa bosi aliyesaidia jambo fulani. Walichoogopa ni aibu, zawadi ifunguliwe mbele ya watu ikiwa imetoa jasho na inanuka. Mwalimu mmoja akanijibu, "Mama, kwako nanunua sababu unaandikaka tarehe."

Tarehe! Nilikuwa naiandika kwa biki kwenye karatasi ya kufungia kwa ajili ya hesabu zangu, nijue ni mzigo upi nimeshaulipia. Sikujua kuna mtu anaisoma.

Kutoka kwenye daftari hilo ndipo ilipatikana sentensi ya kazi yangu. Usiitafute sentensi yako kitandani, itoke kwenye majibu, na iwe na watu ndani yake. Yangu ni hii: nawauzia wasafiri fromaje iliyokomaa, ya kuvumilia safari. Ipime kwa kitu kimoja: inakukataza nini? Kama haikukatazi chochote, bado hujasema kitu. Yangu ilinikataza kuuza ile laini ya siku chache. Mwezi uleule hoteli moja ikaja kutaka laini hiyohiyo, kilo nyingi kila juma, pesa mkononi. Nilikataa, na sitakudanganya kwamba nililala vizuri usiku ule. Lakini ningekubali, rafu zangu zingejaa fromaje mbichi, na yule wa boti la saa moja asubuhi angepewa nini?

Sasa nenda mahali kitu chako kinapozaliwa. Mimi nilikuwa nimeuza miaka miwili bila kupanda zaidi ya Sake, mji mdogo ulio njiani kwenda Masisi. Siku nilipopanda milimani nilikaa kwa mtengenezaji tangu maziwa ya asubuhi. Yanapashwa moto, si kuchemshwa. Inatiwa dawa ya kugandisha, yanakuwa kama uji mzito, yanakatwakatwa, maji yanachujwa, kinachobaki kinabanwa kwenye umbo la gurudumu. Halafu kinalala kwenye maji ya chumvi, kisha kwenye mbao, na kila siku mtu anakuja kukigeuza. Kila siku, gurudumu moja moja, kwa mkono. Huyo anayegeuza hakuwa kwenye kibao cha mtu yeyote.

Nikauliza na vipimo. Vipimo ndivyo vinavyobeba hadithi, usirudi bila hivyo. Kilo moja ya fromaje hula karibu lita kumi za maziwa. Zamani mtu akisema ninauza ghali nilikuwa naapa kwa Mungu. Siku hizi namwonyesha bidoni ya njano ya lita ishirini iliyo nyuma ya mlango: "Papa, hiyo nusu yake ndiyo kilo yako." Anaiangalia bidoni, anaiangalia fromaje. Wengine bado wanaomba nipunguze, Goma ni Goma, lakini hawaniiti mwizi tena.

Kuna mambo ya kweli ambayo hayakuhusu. Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji wetu, ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, niliporudi mjini niliweka picha ya mlima unaowaka kwenye tangazo langu, na maneno makali juu yake. Kweli ilikuwa kweli, lakini fromaje yangu na lava wapi na wapi? Niliifuta jioni.

Kosa langu kubwa lakini lilikuwa la huruma. Huwezi kuzungumza juu ya fromaje ya Masisi ukaruka vita, ng'ombe walioibwa, barabara zinazofungwa. Nami siku moja nikaweka kwenye statusi ya WhatsApp picha ya mtengenezaji wangu na watoto wake mbele ya nyumba, na maneno ya kuliza. Mioyo ilimiminika, pole zikajaa. Nikauza vipande viwili. Habari zikamfikia kule mlimani, akanipigia: "Dada, umeuza fromaje au umeniuza mimi?" Sikuwa na jibu. Tangu hapo sitoi picha wala neno juu yake kabla sijamsomea kwa simu, na mara nyingi ananisahihisha. Anapenda watu wajue ana mkono mzuri wa chumvi. Shida zake ni zake.

Ukifika kwenye kuandika, andika kifupi. Zamani ningesema: "Fromaje tamu na bora imefika, wahi upate yako!" Leo nasema: "Mzigo umeshuka jana. Uliingia kwenye chumvi tarehe 3, umegeuzwa siku arobaini. Unafika Bukavu bila kutoa jasho. Yamebaki magurudumu tisa." Hakuna sifa hata moja humo, na mteja anajisifia mwenyewe. Video nimeacha, zinakula megabaiti za watu. Picha moja mlangoni, mwanga wa asubuhi, inatosha. Sauti ni nzuri zaidi ya maandishi kwa wateja wangu wazee, mradi isizidi nusu dakika na usianze kwa kusalimia ukoo mzima.

Na habari mbaya zitoke kwako kwanza. Barabara ikifungwa ninaandika: "Juma hili hakuna, barabara imefungwa. Iliyobaki ni ya tarehe fulani, ni kavu, ya kusaga juu ya chakula tu." Kuna mama alipanda boti na gurudumu nililokosea tarehe, likawa chungu. Nilimrudishia pesa kwa simu, nikalieleza kosa kwenye statusi ileile ninayotangazia. Dada yangu aliniambia nimejichimbia shimo. Mama yule bado ananunua, ila sasa ananusa kwanza, na ana haki.

Utajuaje kama watu wamekusikia? Mteja mpya muulize ameambiwa na nani, na ameambiwa nini. Sikiliza hilo la pili. Akisema "wamesema unauza vizuri", bado. Kijana mmoja wa mizigo, chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imeegemea ukuta wangu, aliniuliza, "Hapa ndipo kwa mama wa tarehe?" Nilimpa kipande cha bure.

Lakini tangu mwezi uliopita jirani wa pale ng'ambo naye anaandika tarehe, kwa biki nyekundu, kubwa kuliko yangu. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilifunika jina langu kwa kiganja, nikasoma kilichobaki, na kweli, kinamfaa naye. Daftari lina kurasa nyingi tupu. Jumatatu naanza tena kuuliza.