Jinsi ya kutangaza ajali ya sindano au ya asidi kazini na kuomba haki zako CNSS: kwa wafanyakazi wa Lubumbashi

Mwongozo huu unamhusu mfanyakazi wa maabara au hospitali aliyechomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, pamoja na yule wa kiwandani aliyemwagikiwa na asidi ya salfuriki, ile inayotumika kuyeyushia madini ya shaba na kobalti. Wote wawili hupita njia moja, kwa kuwa ajali na magonjwa ya kazi yako chini ya tawi moja la CNSS (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii), ambalo mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake.

Kabla ya karatasi yoyote, hudumia mwili. Aliyechomwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kukikamua, kisha amwone daktari siku hiyohiyo, maana dawa za kuzuia VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Aulizie pia kinga ya homa ya ini aina ya B. Aliyemwagikiwa na asidi avue nguo zilizolowa, ajimiminie maji mengi kwa dakika 20 hivi, na aende hospitali na karatasi ya usalama ya bidhaa yenyewe, kwa kuwa sehemu yake ya 4 inaeleza huduma ya kwanza.

Kinachofuata ni kuandika tukio, na hapa ndipo uzembe unapogharimu zaidi. Hakikisha limeingizwa katika daftari la ajali kabla zamu haijaisha. Maneno kama "alijeruhiwa kazini" hayasaidii kitu. Iandikwe hivi: "Saa nne na dakika kumi asubuhi, alipokuwa akitupa sindano iliyotoka kuchota damu, ilimchoma kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kupitia glavu, sanduku la sindano lilikuwa limejaa hadi mdomoni." Kipande cha mwisho kisiachwe, kwani sanduku hilo hufungwa na kubadilishwa likijaa robo tatu. Aliyeshuhudia atie sahihi.

Kwa daktari, omba cheti cha mwanzo kinachotaja jeraha, saa na chanzo chake. Aliyechomwa na sindano apimwe damu mara moja, hata kama anajiona mzima: kipimo hicho ndicho kitakachoonyesha baadaye kwamba hakuwa na maambukizi kabla ya ajali. Bila hicho, ubishi hauishi.

Jukumu la kutangaza ajali kwa CNSS na kumjulisha mkaguzi wa kazi ni la mwajiri. Hata hivyo mwandikie barua fupi, kwa Kifaransa kama ilivyo desturi ya ofisi zetu, ukiomba nakala ya tangazo yenye muhuri wa kupokelewa. Delege wa sendika, yaani mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, anaweza kukusaidia kuiandika. Mwajiri akikataa au akinyamaza, peleka kwa mkaguzi wa kazi nakala za daftari, cheti, mkataba na hati za mshahara, ukijibakizia nakala moja ya kila karatasi.

Hati za mshahara zina kazi ya pekee, kwa kuwa posho ya siku ambazo huwezi kufanya kazi hukadiriwa kutokana na mshahara. Zikionyesha makato ya CNSS ilhali jina lako halimo katika orodha yao, mwandikie mkaguzi barua ya pili kuhusu jambo hilo, usilichanganye na la ajali.